Hedseti inasikika lakini maiki haifanyi kazi kwenye laptopu: soma huu uzi kabla hujanunua nyingine (wadau wa Dodoma)

#1 Mleta uzi

Mbukwenyi wakuu.

Natengeneza laptopu hapa mjini, wateja wangu wengi ni wanafunzi wa UDOM na watumishi waliohamia Dodoma na Serikali. Tangu vikao na mawasilisho ya mtandaoni yawe mambo ya kila wiki, malalamiko yanayofika mezani kwangu kuliko yote ni haya: "Mimi nawasikia, wao hawanisikii." Mtu anafika akiwa ameshanunua hedseti nyingine. Mwingine ameshaambiwa na fundi kwamba saundi kadi imekufa, abadilishe bodi. Inaniuma, kwa sababu mara nyingi hedseti ni nzima na bodi ni nzima, na hela ya ada au ya kodi ya chumba inakuwa imeshakwenda.

Ombi langu kwenu ni moja: usinunue wala usibadilishe kitu kabla hujajua ugonjwa uko upande gani. Unaweza kuwa kwenye hedseti na waya wake, kwenye tundu la laptopu, au kwenye mipangilio ya Windows. Kuutenganisha hakuhitaji kifaa chochote zaidi ya simu.

Anza na simu yenye tundu la hedfoni. Chomeka hedseti, fungua WhatsApp, jirekodi ujumbe wa sauti. Wakati unarekodi, kwaruza taratibu kwa ukucha pale penye kitobo cha maiki. Hapa wengi wanadanganyika: simu ikishindwa kuitambua maiki ya hedseti, inarekodi kwa maiki yake yenyewe, na wewe unasikia sauti yako safi ukadhani hedseti ni nzima. Ukicheza rekodi na kusikia mkwaruzo mkubwa karibu kabisa, basi ni maiki ya hedseti iliyorekodi. Kama mkwaruzo haupo au uko mbali, jaribu simu nyingine kabla hujaihukumu. Ukiwa hapo hapo, ukunje ukunje waya karibu na pini na karibu na kile kidude chenye kitufe. Sauti ikikatika na kurudi, waya umekatika kwa ndani na hakuna mpangilio wa Windows utakaouponya.

Hedseti ikifaulu kwenye simu, itazame pini yake. Hesabu mistari myembamba ya plastiki inayozunguka chuma, mara nyingi ni myeusi, nyingine nyeupe. Mistari miwili maana yake chuma kimegawanyika vipande vitatu: sikio la kushoto, sikio la kulia na waya wa kurudishia umeme. Hapo maiki haimo, labda kama hedseti ina pini ya pili. Mistari mitatu ni vipande vinne, na cha nne ni cha maiki.

Sasa geukia laptopu. Zile za zamani kidogo zina matundu mawili, la kijani la hedfoni na la waridi la maiki, au vialama vya hedfoni na maiki vimechorwa pembeni. Kila tundu linapokea vipande vitatu tu. Ukichomeka pini ya vipande vinne kwenye tundu la hedfoni utasikia vizuri kabisa, lakini sauti yako haina njia ya kuingilia. Hapo ndipo "nawasikia hawanisikii" nyingi zinapozaliwa, na hakuna kilichoharibika. Dawa yake ni adapta ndogo ya Y. Kuweni makini nayo, kwa sababu zipo za aina mbili zinazofanana kwa mbali. Laptopu yenye matundu mawili inataka adapta yenye pini mbili na tundu moja. Laptopu yenye tundu moja, ukiwa na zile hedseti za gemu zenye pini mbili, inataka adapta yenye matundu mawili na pini moja ya mistari mitatu. Ukichukua ya kinyume hutafika popote, na muuzaji hatakubali uirudishe. Nenda nayo dukani hiyo hedseti na laptopu yenyewe, chomeka palepale.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Pini za vipande vinne zenyewe hazikupangwa sawa. Utaratibu unaotumika sasa unaitwa CTIA, ambapo maiki iko kipande cha mwisho karibu na plastiki ya kushikia. Wa zamani, OMTP, umebadilishana nafasi ya maiki na waya wa kurudishia. Earphone za simu za zamani, baadhi ya Nokia na Sony Ericsson, zilikuwa hivyo. Ukizichomeka kwenye laptopu ya leo, muziki unapiga lakini sauti ya mwimbaji inazama kabisa, ala tu ndizo zinabaki, na ukibonyeza kile kitufe cha kwenye waya ghafla kila kitu kinarudi sawa. Sababu ni kwamba sauti ya mwimbaji kwa kawaida inarekodiwa sawasawa masikio yote mawili. Njia ya kurudishia ikikosekana, kinachopita ni tofauti ya kushoto na kulia tu, na kilicho sawa pande zote kinafutika. Ukiona dalili hiyo, acha kuhangaika na draiva (programu inayoiwezesha Windows kuendesha kifaa cha sauti).

Upande wa tundu, wakazi wa huku mnajua tunaishi na nini. Kuanzia Mei mpaka mvua za Desemba ni vumbi na upepo, na laptopu inabebwa kwenye begi moja na madaftari na nguo. Vumbi likichanganyika na nyuzi za kitambaa linashindiliwa chini ya tundu kila unapochomeka, mpaka pini inabaki nje milimita moja hivi. Milimita hiyo inatosha kuhamisha kila kipande kutoka kwenye nafasi yake. Zima laptopu, mulika kwa tochi ya simu, toa uchafu taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao. Usitumie sindano wala pini ya chuma. Ndani ya matundu mengi kuna kibati kidogo cha springi kinachoiambia laptopu "kimechomekwa kitu", na ukikipinda laptopu itaamini ina hedfoni siku zote na spika zake zitanyamaza moja kwa moja. Na kama umeivalisha laptopu kava gumu, livue kwanza, maana mengine yanazuia pini isifike mwisho.

Ukishavuka hapo, ndipo uingie Windows. Lakini kabla ya Windows tazama swichi ya kuzimia maiki kwenye waya wa hedseti, na kitufe cha kibodi chenye picha ya maiki iliyokatwa mstari. Kwenye ThinkPad ni F4, na kitaa chake kikiwaka maana yake maiki imezimwa.

Windows 11: fungua "Settings", "System", "Sound". Sehemu ya "Input" chagua maiki ya hedseti, bonyeza jina lake, hakikisha imeruhusiwa, kisha "Start test" na uongee. Halafu rudi nyuma uingie "Privacy & security", "Microphone". Kuna swichi tatu pale na wengi wanawasha ya juu tu. Ya mwisho, "Let desktop apps access your microphone", ndiyo inayohusu Zoom iliyowekwa kwenye kompyuta na vivinjari kama Chrome. Ikiwa imezimwa, maiki itafaulu majaribio yote ya Windows na bado Zoom itakaa kimya. Windows 10 ina mambo hayo hayo chini ya "Privacy".

Ikiwa maiki haionekani kabisa kwenye orodha, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, nenda "Recording", bonyeza kulia mahali patupu na uchague "Show Disabled Devices". Mara nyingi inaibuka pale ikiwa na mshale wa kuelekea chini. Iwashe, ifanye iwe maiki kuu ("Set as Default Device"), ongea, na utazame ile mistari ya kijani kama inapanda.

Karibuni wenye shida. Andikeni aina ya laptopu, aina ya pini, na matokeo ya jaribio la simu.

#2 Mdau, Ng'ong'ona

Mkuu asante sana kwa uzi huu, umekuja wakati wake. Mimi ni mwaka wa tatu, wiki ijayo nina wasilisho la mradi na msimamizi wangu yuko safarini, tutafanya Google Meet. Laptopu ni HP yenye tundu moja, Windows 10. Hedseti ni ya pini moja yenye mistari mitatu. Kwenye simu imefaulu, mkwaruzo nimeusikia. Kwenye laptopu nasikia vizuri lakini kwenye "Input" naona maiki ya laptopu tu, ya hedseti haipo. Nakumbuka zamani nikichomeka kilikuwa kinatokea kidirisha kinauliza kitu, nikawa nakifunga.

#3 Mleta uzi

Ndugu yangu, hicho kidirisha ndicho ufunguo wako. Kinatoka kwenye programu ya Realtek, kampuni inayotengeneza chipu za sauti za laptopu nyingi. Tundu moja linaweza kupokea hedfoni, hedseti au maiki peke yake, kwa hiyo programu inakuuliza umechomeka nini. Ikichukulia kwamba ni hedfoni tu, maiki haihesabiki.

Chomoa, kisha chomeka tena kwa mkupuo mmoja mpaka mwisho, usiingize taratibu. Kidirisha kikija chagua "Headset". Kisipokuja, tafuta kwenye menyu ya Windows "Realtek Audio Console" au "HD Audio Manager", humo kuna sehemu ya kuruhusu kidirisha kijitokeze kila unapochomeka, na mara nyingine unaweza kubadili aina ya kifaa humo humo.

Ikiwa programu hiyo haipo kabisa, huenda Windows ilipowekwa upya ilitumia draiva yake ya jumla. Fungua "Device Manager", tazama chini ya "Sound, video and game controllers". Ukikuta "High Definition Audio Device" bila neno Realtek, ndiyo hiyo. Nenda tovuti ya HP, andika namba kamili ya modeli iliyoko chini ya laptopu, pakua draiva ya sauti ya modeli hiyo, weka, zima na uwashe. Achana na programu zinazojitangaza kwamba zinatafuta draiva zote kwa mkupuo. Zinaleta matangazo na draiva zisizo zako.

Na kwa kuwa utatumia Google Meet, kumbuka Chrome nayo ina ruhusa yake. Ukiwa ndani ya ukurasa wa Meet, bonyeza kialama kilicho kushoto mwa anwani juu kabisa, uruhusu maiki. Kisha kwenye mipangilio ya Meet yenyewe chagua maiki ya hedseti.

#4 Mdau, Mtumba

Mkuu shikamoo kwa kazi. Mimi hedseti yangu ni ya Bluetooth, si ya bei rahisi. Nikisikiliza muziki ni safi mno. Kikao kikianza tu, sauti inageuka kama mtu anayeongea ndani ya pipa, na wenzangu nao wanasema sisikiki vizuri. Kikao kikiisha inarudi safi. Nimeambiwa hedseti ni feki.

#5 Mleta uzi

Marahaba mkuu. Hedseti yako inaweza kuwa halisi kabisa. Bluetooth ya kawaida ina njia mbili za kupitishia sauti. Ya kwanza inaitwa A2DP, ina ubora mkubwa lakini inakwenda upande mmoja tu, kutoka laptopu kwenda masikioni. Haina mahali pa maiki. Programu yoyote ikiomba maiki ya hedseti, laptopu inalazimika kuhamia njia ya pili, HFP, iliyobuniwa kwa ajili ya simu za ndani ya gari. Hiyo inabeba sauti pande zote mbili lakini kwa kiwango cha chini: sauti inapimwa mara 8,000 au 16,000 kwa sekunde, wakati muziki wa CD hupimwa mara 44,100. Na inakuwa sauti moja kwa masikio yote mawili.

Kwenye Windows 10 utaziona zote mbili kwenye orodha: moja ina neno "Stereo", nyingine "Hands-Free". Windows 11 imeziunganisha chini ya jina moja, lakini ndani mambo ni yale yale.

Suluhisho ninalowapa watu wa vikao: ndani ya Zoom au Teams, weka hedseti kuwa ya kusikilizia, halafu maiki uchague ya laptopu yenyewe. Sauti utakayoisikia itabaki safi, na maiki ya laptopu ukiwa chumba kimoja tulivu inatosha sana. Hakikisha tu hakuna programu nyingine iliyobaki wazi nyuma inayoshikilia maiki ya hedseti, kwa sababu ikiwepo hata moja njia haitarudi. Ukiwa kwenye chumba chenye watu wengi, ambapo maiki ya laptopu itazoa kila kitu, tumia ya waya. Zipo hedseti mpya na laptopu mpya zenye LE Audio zinazopunguza tatizo hili, lakini lazima pande zote mbili ziwe nayo.

Jambo moja la ziada: Bluetooth inatumia masafa ya 2.4 GHz, sawa na Wi-Fi nyingi. Kama sauti inakatika katika, hamishia laptopu kwenye Wi-Fi ya 5 GHz kama ruta inayo, na usiweke flashi au diski ya USB 3 ikiwa inafanya kazi karibu na pale antena ilipo.

#6 Mdau, Veyula

Wakuu mimi maiki inafanya kazi lakini ina mvumo mzito usioisha, "mmmmm". Nikigusa sehemu ya chuma ya laptopu mvumo unapungua. Nyumbani natumia sola na inveta, lakini hata kwa jirani mwenye umeme wa TANESCO ulikuwepo kidogo. Hedseti ya kuazima pia inavuma.

#7 Mdau, Majengo (fundi umeme)

Mleta uzi niruhusu hili nilijibu mimi.

Mkuu wa Veyula, chomoa chaja, tumia betri peke yake, kisha rekodi tena. Mvumo ukitoweka, hedseti na laptopu hazina kosa, kosa ni umeme unaoingia. Umeme wetu ni volti 230 unaobadilika mara 50 kwa sekunde, na huo mvumo unaousikia ndio huo. Chaja inavujisha kiasi kidogo sana kwenye chasi ya laptopu. Kiasi hicho kinatakiwa kiteremke ardhini kupitia pini ya tatu ya plagi, ile ndefu ya juu. Ukitumia plagi ya pini mbili, au ekstensheni ambayo pini yake ya tatu haijaunganishwa na kitu, hakina pa kwenda isipokuwa kwenye waya wa maiki. Ndiyo maana ukigusa chuma kinapungua, wewe ndiye unakuwa njia ya ardhini.

Kwa jirani mwenye TANESCO, kagueni ethi ya nyumba (njia ya kuteremshia umeme ardhini). Huku kwetu udongo ni mkavu sehemu kubwa ya mwaka, na fimbo ya ethi iliyochomekwa juu juu kwenye udongo mkavu haifanyi kazi yake hata kama waya umefungwa vizuri. Ichimbiwe ndani zaidi, fundi aipime kwa kipimo chake. Hii si ya maiki tu, ni usalama wa watoto na friji na kila kitu ndani ya nyumba. Naomba msiichukulie kawaida.

Kuhusu inveta, nyingi za bei nafuu zinatoa umeme ambao wimbi lake linapanda kwa ngazi badala ya kupinda kwa ulaini. Laptopu inachaji bila shida lakini kwenye sauti utausikia. Kwako wewe njia rahisi ni kuchaji laptopu mapema, na wakati wa kikao uichomoe.

#8 Mleta uzi

Fundi ubarikiwe, hapo umemaliza. Mimi naongezea tu kwamba hedseti ya USB au adapta ndogo ya sauti ya USB nayo inaweza kupunguza mvumo wa aina nyingine, ule mwembamba unaosikika ukisogeza mausi, kwa sababu sauti inageuzwa nje ya bodi.

#9 Mdau, Kikuyu

Mbona mnazunguka sana? Nunua hedseti ya USB, chomeka, maisha yaendelee. Tundu la mviringo ni la kizamani.

#10 Mleta uzi

Mkuu, nakubaliana nawe kwa sehemu. Hedseti ya USB inabeba saundi kadi yake ndani, kwa hiyo tundu likiwa limelegea, au draiva ya Realtek ikiwa imevurugika, unaliruka tatizo lote. Na kwa mwenye tundu lililovunjika kabisa, ile adapta ndogo ya USB yenye matundu mawili ni nafuu mara nyingi kuliko kufungua laptopu na kulehemu tundu jipya.

Ila tatizo likiwa ni ile swichi ya "desktop apps", au Zoom imechagua maiki nyingine, hata ya USB itanyamaza vilevile. Nimeona mtu akilia dukani kwa sababu hiyo. Mwanafunzi aliyekopa hela ya hedseti hana ya kukopea nyingine, ndiyo maana nasisitiza vipimo kwanza.

#11 Mdau, Ng'ong'ona

Wakuu nimerudi. Mleta uzi Mungu akuzidishie. Ilikuwa draiva, nilikuta "High Definition Audio Device" kama ulivyosema. Nimepakua ya HP, nimewasha upya, nikachomeka, kidirisha kikaja, nikachagua "Headset". Maiki imeonekana. Ila rafiki yangu niliyejaribu naye Meet anasema sauti iko chini, ananisikia kwa mbali. Nimeweka kiwango 100 tayari.

#12 Mleta uzi

Hongera sana. Sasa nenda mmsys.cpl, "Recording", bofya mara mbili maiki ya hedseti, ingia "Levels". Chini ya kiwango cha kawaida utaona "Microphone Boost". Iko sifuri kwa sasa, nadhani. Weka +10 dB, jaribu, ikiwa bado weka +20. Usiende +30 isipokuwa huna njia, maana inakuza pamoja na mchakacho na feni ya laptopu. Kisha teremsha kile kiwango cha 100 mpaka 80 hivi.

Halafu isogeze maiki yenyewe. Ikae upana wa vidole viwili kutoka pembeni mwa mdomo, si mbele yake, ili pumzi isiipige moja kwa moja. Waya usikwaruzane na kola ya shati. Na siku ya wasilisho ingia mapema kabla ya msimamizi, Meet ina sehemu ya kujirekodi na kujisikiliza kabla hujajiunga.

Ukimaliza rudi utuambie walikusikiaje.